Theluji ya Kibo huanzia baharini: Namna ya kuitazama na kuielewa

Upepo wa kusi unapoanza kuvuma katika fuo za Kikambala mwezi wa Aprili, mvuvi huupima kwa ajili ya chombo chake na mkulima kwa ajili ya mahindi yake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba unyevu wa bahari hiyo hiyo, ukichukuliwa kilomita 280 hivi kuelekea magharibi, ndio unaoshuka kama theluji juu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima Kilimanjaro.

Kikambala penyewe theluji haianguki wala haiwezi kuanguka. Eneo hilo, lililo kati ya Mtwapa na Kilifi kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, liko mita chache tu juu ya usawa wa bahari, karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Hata hivyo, anayetaka kuielewa theluji ya Afrika Mashariki afadhali aanzie pwani, mahali ambapo maji hupanda hewani kabla ya kwenda kuganda kwingine. Tena ipo sababu ya kihistoria. Habari ya kwanza ya theluji hiyo kuandikwa na kupelekwa Ulaya ilitoka Rabai, kwenye vilima ambavyo havifiki kilomita 30 kutoka Kikambala.

Bahari, mlima na baridi

Theluji nyingi huhitaji vitu vitatu vikutane: chanzo cha unyevu, kitu cha kuupandisha hewani, na baridi ya kuugandisha. Ndiyo maana mahali panapoongoza duniani kwa wingi wa theluji si ncha za dunia, ambako hewa ni kavu mno. Ni milima iliyo karibu na bahari. Mlima Baker, katika jimbo la Washington nchini Marekani, ulipata theluji ya takriban mita 29 katika msimu wa 1998 hadi 1999, ikihesabiwa kila ilipoanguka. Nchini Japani, kwenye mlima Ibuki, kina cha theluji iliyokuwa imelala ardhini kilipimwa tarehe 14 Februari, 1927 kikawa mita 11.82. Huko Japani upepo wa baridi kutoka Siberia huvuka bahari yenye joto, ukajitwisha mvuke, kisha ukakutana na milima na kuutua mzigo wake.

Afrika Mashariki inayo bahari yenye joto kuliko hizo zote, na upepo wa kuutosha. Linalopungua ni baridi, na baridi hiyo hupatikana kwa kupanda juu tu. Kwa wastani, joto la hewa hushuka nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Msomaji anaweza kuipiga hesabu mwenyewe. Akianza na nyuzi 28 za ufuo wa Kikambala, atafikia sifuri akiwa mita 4,700 hivi angani. Akiendelea hadi mita 5,895, ambao ndio urefu wa Kibo, atakuta nyuzi 7 chini ya sifuri. Na kweli wastani wa joto la mwaka uliopimwa kileleni ni huo huo, takriban nyuzi 7 chini ya sifuri.

Hesabu hiyo fupi inaeleza pia kwa nini barafu ya kudumu katika ukanda huu imo katika milima mitatu pekee: Kilimanjaro, Kenya wenye mita 5,199, na Rwenzori ambao kilele chake cha juu kabisa kina mita 5,109. Meru wa Tanzania, wenye mita 4,566, na Elgon, wenye mita 4,321, huweza kupakwa weupe kwa siku moja mbili, lakini jua huufuta.

Safari ya unyevu kutoka ufuoni

Unyevu hauendi mlimani kwa njia iliyonyooka. Pwani ya Kilifi hupata mvua ya kutosha, yapata milimita 1,000 hadi 1,200 kwa mwaka katika ukanda ulio karibu na bahari, na mwezi wa Mei ndio kilele chake. Hapo ardhi ni tambarare, basi mvua hutokana zaidi na upepo wa bahari kupunguzwa kasi na nchi kavu, hewa ikabanana na kulazimika kupanda.

Nyuma ya ukanda huo mambo hubadilika haraka. Ukipita Kaloleni na Mariakani unaingia Nyika, ambako hewa ile ile yenye unyevu hupita juu bila kitu cha kuisukuma. Mji wa Voi hupata karibu nusu tu ya mvua ya pwani. Kisha vilima vya Taita hutokeza ghafla, kilele cha Vuria kikifikia mita 2,208, na hapo ukungu na mvua vinarudi. Misitu midogo iliyosalia juu ya vilima hivyo ina majani yanayodondosha maji hata siku ambazo mvua haikunyesha.

Kilimanjaro ni hatua inayofuata, nayo si ya kawaida. Moshi, chini ya mlima upande wa kusini, hupata milimita 900 hivi kwa mwaka. Kadiri mtu anavyopanda mvua inaongezeka, hata katika msitu ulio kwenye mita 2,200 hufikia milimita 2,500 na zaidi. Kuanzia hapo mambo hugeuka kinyume: mvua inapungua kwa kila hatua, na juu kabisa hubaki milimita mia chache, tena kwa sura ya theluji. Kwa maneno mengine, kilele chenye theluji maarufu kuliko zote Afrika ni jangwa. Upepo wa chini, ule unaoleta mvua ya kila siku msituni, mara nyingi huuzunguka mlima au humwaga maji yake kabla ya kufika juu. Theluji nyingi huja pale tu mawingu makubwa yanaporefuka kwenda juu, na unyevu kutoka Bahari Hindi unapojaa hadi tabaka la hewa lililo sawa na Kibo, ambako mgandamizo wa hewa ni nusu ya ule wa Kikambala.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watu wengi hudhani kwamba theluji ya Kilimanjaro ni suala la baridi. Baridi ipo mwaka mzima. Kinachokuja na kuondoka ni unyevu, na unyevu hufuata misimu ile ile inayojulikana pwani: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mkulima wa Kikambala anayelalamika kwamba vuli haikunyesha, kwa kawaida analalamika kwa niaba ya mlima pia.

Rabai, 1848

Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS, alijiunga na Ludwig Krapf pwani mwaka wa 1846, na wawili hao wakafungua kituo Rabai. Mwishoni mwa Aprili 1848, Rebmann aliondoka Rabai kwenda nchi ya Wachaga, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyezijua njia hizo. Tarehe 11 Mei, baada ya kuipita nchi ya Taita, aliona weupe juu ya mlima mmojawapo. Alipouliza, mwongozaji wake hakuwa na jina la kitu kile. Alikiita baridi tu.

Jibu hilo limechekwa na waandishi kadhaa, nao wamekosea kulicheka. Mtu wa pwani hakuwa na sababu ya kuwa na neno la kila siku la kitu asichokiona, na neno theluji lenyewe limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Alichokijua Bwana Kheri ni athari ya kitu kile, naye aliitaja kwa usahihi. Wachaga wenyewe, waliokuwa wakiishi chini yake, walikuwa na jina Kibo, na walikuwa na masimulizi ya watu waliotumwa na mtawala wao kwenda kuchunguza kitu kile kinachong'aa kama fedha. Wengi walipotea, na aliyerudi alikuwa na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Kwa lugha ya leo ni maelezo kamili ya kuungua kwa baridi kali.

Habari ya Rebmann ilichapishwa London mwaka wa 1849 na kupingwa papo hapo. Mpinzani mkubwa alikuwa William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeandika sana juu ya bara la Afrika bila kulitembelea. Kwake theluji karibu na ikweta haikuwezekana, hivyo aliyeiona lazima awe ameona kitu kingine. Hata Krapf alipouona mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba, 1849, nao ukiwa na weupe ule ule, mabishano hayakwisha.

Yaliyamaliza mabishano hayo ni vipimo. Baron Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro mwaka wa 1861 pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton, akarudi mwaka uliofuata akiwa na Otto Kersten. Katika safari hiyo ya pili walipanda hadi mita 4,200 hivi, na theluji ikawaangukia wakiwa hapo. Theluji iliyoshikwa mkononi haibishaniwi. Kilele kilifikiwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba, 1889. Rebmann, ambaye macho yake yalitiliwa shaka na mabwana wa Ulaya, alikuja kupofuka kweli uzeeni, akafariki Ujerumani mwaka wa 1876.

Si kila cheupe ni theluji

Mtazamaji wa leo anaweza kukosea kama Cooley, ila kwa upande wa pili: kuona theluji mahali isipokuwepo. Septemba 2008, wakazi wa Busara karibu na Nyahururu walikuta mteremko umefunikwa na tabaka nene jeupe. Watu walikimbilia kuligusa na kupiga picha, na habari zikaenea kwamba theluji imeanguka. Wataalamu wa hali ya anga walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyoanguka kwa wingi, chembe zake zikashikana na kuwa sahani moja ya barafu.

Tofauti ni ya asili. Theluji huzaliwa pale mvuke unapoganda polepole ndani ya wingu na kufanya vipande vyepesi vyenye ncha sita. Mvua ya mawe hutokana na matone ya maji yanayorushwa juu na upepo mkali ndani ya wingu la radi, yakaganda, yakapakwa maji mengine na kuganda tena, hadi uzito uyashushe. Mawe huweza kufika chini hata penye joto, kwa kuwa huanguka haraka kuliko yanavyoyeyuka. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi huyajua vyema. Theluji haina ubavu huo. Kuna pia sakitu, ile ganda jeupe ambalo hujitengeneza juu ya majani alfajiri katika nyanda za juu kama Nyandarua. Sakitu haikuanguka kutoka popote, imeganda pale pale ilipo.

Kosa la tatu ni la kuchanganya theluji na barafu. Weupe unaoonekana Kibo ukiwa Amboseli au Taveta ni vitu viwili vilivyolala pamoja. Kimoja ni theluji ya juzi au ya wiki jana, inayoweza kufunika mlima wote na kutoweka kabla ya mwezi kuandama. Kingine ni barafu ya kale, theluji ya karne nyingi iliyoshindiliwa kwa uzito wake yenyewe. Mwaka wa 2000 kundi la Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio lilitoboa barafu ya Kibo mahali sita na kutoa nguzo za barafu. Lilikadiria kwamba tabaka za chini zilianza kujijenga miaka 11,700 hivi iliyopita. Si vizuri kumwona mtalii akirudi na picha ya mlima mweupe na kutangaza kwamba barafu imerudi. Barafu hairudi kwa usiku mmoja.

Namna ya kutazama

Kwa anayetazama kutoka mbali, saa ni jambo la kwanza. Asubuhi, kabla ya saa tatu, mlima huwa wazi. Kufikia adhuhuri joto la mchana limekwisha kupandisha unyevu wa msituni, na mawingu hufunga kilele hadi jioni. Atakayepiga picha mahali pale pale, saa ile ile, kila wiki kwa mwaka mzima, atakuwa na kumbukumbu yenye thamani kuliko picha mia za safari moja.

La pili ni kukitazama Mawenzi. Kilele hicho cha mashariki kina mita 5,149 na hakina barafu ya kudumu. Basi kikiwa cheupe, theluji imeanguka karibuni, hapana shaka. Kikiwa cheusi na Kibo kikiwa na weupe, weupe huo ni wa zamani zaidi. Ukiona hata tandiko la miamba lililo kati ya vilele hivyo viwili, kwenye mita 4,300 hivi, limefunikwa, hiyo ndiyo theluji kubwa kwa kipimo cha ikweta. Mpaka wake wa chini pia huelezea jambo: theluji mpya huishia kwenye mstari unaoenda sawasawa kuuzunguka mlima, kwa sababu hufuata joto, ilhali barafu ya kale ina kingo zilizokatika na kuta zilizosimama wima.

Aliye mlimani ana vipimo bora zaidi. Kina cha theluji hupimwa kwa rula kwenye ubao uliowekwa mahali pasipopulizwa na upepo, nao hupanguswa kila baada ya kupimwa. Lakini kina peke yake hudanganya. Theluji laini ya sentimita 10 ikiyeyushwa hutoa maji ya sentimita 1 hivi, na theluji iliyolowa au kushindiliwa hutoa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mpimaji makini hukata kipande cha theluji kwa bomba, hukiyeyusha na kuhesabu maji. Kipimo hicho ndicho kinachoweza kuwekwa kando ya kipimo cha mvua cha Mtwapa au Malindi na kulinganishwa nacho.

Februari 2000 Chuo Kikuu cha Massachusetts kiliweka kituo cha kujiendesha chenyewe juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo, chini ya uongozi wa Douglas Hardy. Chombo chake kimoja hutuma sauti chini na kuisikiliza ikirudi: muda ukipungua, theluji imeongezeka. Mwaka wa 2005 wanasayansi wa Innsbruck, Austria, waliongeza kituo upande wa kusini, kwenye barafu iliyopewa jina la Kersten. Kabla ya hapo, kilele kinachotazamwa na watu wengi mno hakikuwa na kipimo cha kudumu hata kimoja. Leo picha za setilaiti huonyesha eneo lililofunikwa, ingawa haziwezi kuona kina, na mawingu ya masika huzipofusha wakati hasa theluji inapoanguka.

Kwa wapagazi wa Kilimanjaro hili si suala la elimu tupu. Kwao theluji kubwa ni hatari ya usiku mmoja, hasa kwa aliyepanda na viatu vya kawaida na sweta moja. Shirika la kuwasaidia wapagazi hao, KPAP, lililoanzishwa mwaka wa 2003, lilianza kuwaazima makoti na viatu kwa sababu hiyo. Mwongozaji mzoefu akiona mawingu ya Novemba yamefunga tangu asubuhi badala ya mchana, na upepo umetulia, hangoji utabiri.

Miaka ya wingi na miaka ya ukame

Kwa nini mwaka mmoja Kibo hufunikwa na mwingine huachwa wazi? Sehemu kubwa ya jibu imo baharini. Mwaka wa 1999 wanasayansi walieleza kwa mara ya kwanza mtindo wa Bahari Hindi kubadilishana joto kati ya pande zake mbili. Katika miaka fulani maji ya upande wetu hupata joto kuliko kawaida na yale ya karibu na Sumatra hupoa. Upepo hugeuka kuelekea Afrika, mawingu hujaa, na vuli hugeuka kuwa gharika. Katika miaka mingine joto huhamia Indonesia, na pwani yetu hukauka.

Oktoba 1997 hali ya kwanza ilikutana na El Nino. Mombasa na Kilifi zilifurika, na barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ikakatika. Mwishoni mwa 2006 ilijirudia, na vituo vya Kibo viliona theluji ikijikusanya kwa wingi usio wa kawaida. Vuli ya 2019 iliandamana na mojawapo ya mabadiliko makali zaidi ya aina hiyo kupimwa, na Novemba 2023 mafuriko yaliwahamisha watu katika kaunti za pwani, Kilifi ikiwemo. Kwa upande wa pili, 2010, 2016 na 2022 zilikuwa miaka ya bahari kugeuka kinyume. Wakazi wa Ganze na Magarini hawahitaji kukumbushwa jinsi misimu mitano mfululizo ilivyoshindwa kati ya 2020 na mwanzo wa 2023.

Uhusiano huu unalo jambo la kustaajabisha. Mvua ile ile inayobomoa nyumba za udongo na kufunga barabara huku chini ndiyo inayoiokoa barafu kule juu. Theluji mpya hurudisha angani sehemu nane au tisa katika kumi za mwanga wa jua. Barafu ya zamani, iliyojaa vumbi, humeza nusu ya mwanga huo au zaidi. Theluji ya vuli ikikosekana, barafu hukabili jua la Januari na Februari bila shuka. Tena katika hewa kavu ya kileleni barafu haihitaji kuyeyuka ili ipotee: hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, hata joto likiwa chini ya sifuri.

Matokeo yamepimwa. Barafu ya Kilimanjaro ilienea kilomita mraba 12 hivi mwaka wa 1912. Kufikia 2011 ilibaki kilomita mraba 1.76, yaani asilimia 85 ilikuwa imetoweka. Mlima Kenya, uliokuwa na mito ya barafu 18 mwanzoni mwa karne ya 20, umebakiwa na vipande vichache. Ripoti ya UNESCO ya mwaka wa 2022 ilikadiria kwamba barafu za mwisho za Afrika zitakwisha kufikia 2050.

Wataalamu wamebishana juu ya chanzo. Thompson na wenzake walisisitiza ongezeko la joto. Watafiti wa Innsbruck walionyesha kwamba barafu ilianza kurudi nyuma tangu mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipogeuka kuwa kavu, hata maziwa yakashuka. Mabishano hayo si makali kama yanavyosikika, kwani joto la bahari na njia za unyevu ni mambo ya mfumo mmoja. Ila mwaka wa 2002 Thompson alitabiri kwamba barafu yote ingekwisha kati ya 2015 na 2020, na miaka hiyo ikapita barafu ikiwepo bado. Misimu ya theluji kubwa huahirisha tarehe kama hizo bila kubadilisha mwelekeo.

Maji ya nani?

Swali linalowahusu zaidi watu wa pwani ni la maji. Ni kawaida kusikia kwamba theluji ya Kilimanjaro ikiisha, Mombasa itakufa kwa kiu, kwa kuwa bomba la Mzima hunywesha mji huo tangu miaka ya 1950. Dhana hiyo haina msingi. Chemchemi za Mzima hulishwa na mvua ya vilima vya Chyulu, inayopenya mwamba wa volkeno na kutokeza upande wa Tsavo. Hata chemchemi za Kilimanjaro kwenyewe, tafiti za maji yake zimeonyesha kwamba mchango wa barafu ni mdogo mno. Kilomita mraba moja na nusu ya barafu haiwezi kushindana na mamia ya kilomita mraba za msitu unaopokea milimita 2,500 za mvua.

Kwa hiyo hofu inapaswa kuelekezwa msituni. Tangu 1976 moto umeteketeza takriban kilomita mraba 150 za msitu wa juu wa Kilimanjaro, ule unaochuja ukungu, na kuacha vichaka. Moto mwingine mkubwa ulizuka Oktoba 2020, na mwingine Oktoba 2022. Kila mti ulioungua ulikuwa ukikamata maji ambayo hakuna kipimamvua kinachoyahesabu.

Baadhi ya maji ya miteremko hiyo hurudi yalikotoka. Mto Tsavo huyachukua mashariki, ukachanganyika na yale ya Mzima, ukaungana na Athi na kuwa Galana, ambao huitwa Sabaki unapokaribia bahari kaskazini mwa Malindi. Kwenye kingo za Sabaki, huko Baricho, ndiko kuliko na visima vinavyotoa maji yanayosukumwa kwa mabomba hadi Malindi, Kilifi na vitongoji vya kaskazini mwa Mombasa. Mashine zake zikisimama, mikokoteni yenye mitungi huonekana Kikambala siku hiyo hiyo.